Printa imenuna, msibani wanasubiri! Kumbe tatizo si bando

MPENZI msomaji, wiki hii naanza na kasheshe lililotukuta nyumbani kwa dada yangu, kule Tabata. Najua wapo watakaocheka, lakini usiku ule hakuna aliyecheka.

Dada anaishi nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Sebuleni ana meza ndogo, na juu ya meza ana printa aliyonunua mtumba. Kazi zake ni zile za mtaani mnazozijua: barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya watoto wa chekechea. Kompyuta hana. Mteja anamtumia kazi kwenye simu, anairekebisha humo humo, anabonyeza, karatasi inatoka kwa waifai bila waya wowote. Mwisho wa mwezi kodi inalipwa.

Sasa Ijumaa moja, saa moja jioni, akaingia mzee mmoja wa mtaa wa pili. Kwao kuna msiba, wanazika kesho.

"Shikamoo baba. Poleni sana."

"Marahaba mwanangu, tumeshapoa. Nataka ratiba ya mazishi na wasifu wa marehemu, nakala sitini. Ibada ni kesho saa nne asubuhi."

Dada akamwambia baba usihofu, hiyo ni kazi ya saa moja tu. Akapokea nusu ya hela, mzee akaondoka zake. Dada akapanga maneno vizuri, akaweka picha ya marehemu, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Simu ikamwandikia "Printer offline", yaani printa haipatikani.

Harusi unaweza kuiahirisha. Maziko je?

HELA IKAANZA KUTEKETEA

Wazo la kwanza la dada lilikuwa lile la watu wote wa mjini: bando limeisha. Rauta wanayochangia wapangaji watatu akaona haina nguvu, akanunua bando la simu la shilingi 2,000. Printa kimya. Akaongeza la pili. Kimya vile vile.

Akaitwa kijana mmoja wa kijiweni anayejiita fundi. Akazima akawasha, akafungua mfuniko akapuliza vumbi, akatoa wino akarudisha. Mwisho akatikisa kichwa: "Sista, hii bodi imekufa." Akachukua 10,000 yake ya usumbufu, akayeyuka.

Saa tatu usiku dada akanipigia. "Mdogo wangu, njoo. Kesho nitaiweka wapi sura yangu?"

Mimi mwenzenu si fundi. Kidato cha Nne nilimaliza, chuo sikwenda. Ninachojivunia ni kwamba kusoma sioni uvivu. Kwenye droo nikakuta kijitabu cha ile printa, nusu ya kurasa zimeshafungiwa vitumbua. Nikakaa chini nikasoma zilizobaki. Nilichokipata pale, na nilichokiokoteza siku zilizofuata, ndicho ninachotaka kukugawia leo, maana najua majumbani mwenu printa nyingi zimelala juu ya kabati zikisingiziwa ubovu.

WAIFAI SI INTANETI

Hapa ndipo wengi tunapoliwa. Tumezoea kusema "waifai ipo?" tukimaanisha intaneti ipo. Kumbe ni vitu viwili.

Chukulia nyumba ya kupanga yenye ua. Ndani ya ua wapangaji wanaombana chumvi, wanaazimana jiko, wanapiga soga. Kuna na geti la kutokea barabarani. Rauta ndiyo mwenye huo ua. Waifai ni maongezi ya ndani ya ua, na intaneti ni safari ya kutoka nje ya geti. Ukitaka chumvi kwa jirani wa chumba cha pili, huhitaji nauli ya daladala.

Ndivyo ilivyo kwa printa ya nyumbani. Simu inaikabidhi rauta ile barua, rauta inaipitisha kwa printa, kazi imekwisha. Barua haitoki getini. Bando likiwa limeisha kabisa, printa inachapa tu, ilimradi kazi yenyewe imeshashuka kwenye simu yako. Bando unalihitaji kama kazi bado iko kwenye barua pepe, au kama unaituma kutoka mbali, wewe uko Kariakoo na printa iko Tabata.

Kwa hiyo printa ikinuna, usijiulize kama una bando. Jiulize hivi: simu yangu na printa ziko kwenye ua mmoja?

KARATASI ISIYOSEMA UONGO

Printa nyingi zenye waifai zina kataa ndogo ka waifai. Kwa kawaida kakipepesa, printa bado inatafuta mtandao. Kakitulia, imeshaupata. Ya dada ilikuwa inapepesa. Dalili hiyo fundi wetu aliiruka kabisa, yeye alikuwa anapuliza vumbi.

Jambo la pili ni kwamba printa yenyewe inaweza kukuchapia taarifa ya mtandao wake. Ingia kwenye menyu yake, tafuta palipoandikwa "Network" au "Wi-Fi", chagua kuchapa hiyo ripoti. Kama haina kioo, kijitabu kitakwambia vitufe vya kubonyeza. Karatasi ikitoka, angalia vitu viwili tu, mengine yasikutishe.

Kwanza ni jina la mtandao, penye herufi SSID. Pili ni anwani ya IP, yaani namba ya chumba ambayo printa imepewa na mwenye ua. Mara nyingi majumbani inaanza na 192.168, halafu zinafuata namba nyingine mbili. Ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue printa imekosa mtu wa kuipa namba, ikajitungia yenyewe. Ukiona sifuri tupu, haijaunganishwa popote. Simu nayo ina anwani yake, iko kwenye taarifa za waifai. Kwa rauta nyingi za nyumbani, simu na printa zikiwa ua mmoja, namba tatu za mwanzo zinafanana.

Karatasi ya dada ilitoka na sifuri tupu, na mtandao ulioandikwa pale ulikuwa wa rauta ya zamani. Jumanne ya wiki ile wapangaji walibadilisha rauta. Kila mtu aliingiza neno la siri jipya kwenye simu yake, akaendelea na mambo yake. Printa hakuna aliyeiambia. Siku nne maskini ilikuwa inaita jina la rauta iliyokwisha kuondolewa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba waliyohama.

MASIKIO YA PRINTA

Nikasema haya, tumeshinda. Nikafungua orodha ya mitandao kwenye printa nichague rauta mpya. Haipo! Waifai za majirani zipo, ya kwetu haipo. Dada akaanza kulia.

Kurudi kwenye kijitabu, nikakuta jibu. Rauta nyingi za siku hizi zinaongea kwa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 2.4 ni ya polepole kidogo, lakini yanakwenda mbali na kuta yanazipenya vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi, ila ukuta ukikatiza yanachoka mapema. Printa nyingi za bei nafuu, hasa za zamani kama ile ya dada, zina masikio ya 2.4 tu. Ukiziita kwa 5, ni sawa na kumnong'oneza kiziwi.

Rauta yetu mpya ilikuwa na majina mawili, moja limeishia na "5G". Dada alikuwa amepewa hilo tu. Na hapa tuelewane: hiyo 5G ya kwenye rauta mara nyingi maana yake ni gigahezi 5, si ile 5G ya mitandao ya simu. Majina yanafanana, mambo tofauti.

Tukamgongea mpangaji mwenye rauta, akatupa lile jina lingine. Nikalichagua kwenye printa, nikaingiza neno la siri. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Kumbe nilikuwa naandika herufi O mahali pa sifuri. Neno la siri la waifai linatofautisha herufi kubwa na ndogo, na kwenye kioo kidogo kama kile mkono unateleza hovyo. Mara ya tatu, ile taa ikatulia tuli. Saa sita kasoro usiku.

Simu ya dada ilibaki kwenye jina la 5G na bado ikaiona printa. Kwa kawaida majina yote mawili ya rauta moja ni ua mmoja wenye milango miwili. Ila kuna jina la tatu la kuogopa, lile la wageni, mara nyingi limeandikwa "Guest". Hilo limetengwa makusudi: mgeni anapewa intaneti lakini hawaoni wenyeji. Simu yako ikiwa kwa wageni na printa iko kwa wenyeji, mtatafutana mpaka kuche.

BARUA ISIYO YETU

Sasa sikiliza maajabu. Taa imetulia, dada hata hajabonyeza, printa ikaunguruma na kuanza kutoa karatasi. Tukaruka kwa furaha. Kuisogelea, si ratiba ya mazishi. Ni barua.

Nilisoma mistari miwili kabla ya kuelewa, na nasema kweli natamani nisingesoma. Jirani wa chumba cha tatu alikuwa anamwandikia bosi wake kuomba mkopo, akitaja madeni anayodaiwa na nani anamdai. Mtu tunayemwona kila asubuhi kapiga pasi shati lake, anatania kila mtu pale uani.

Ilikuwaje? Zamani dada alimruhusu achape kazi yake kwa laptopu, na laptopu ikaikariri printa ya dada. Jumatano alitaka kuichapa barua yake, pengine alidhani amechagua printa ya ofisini. Printa ilikuwa imepotea hewani, kazi ikakaa kwenye foleni ndani ya laptopu yake. Usiku ule laptopu iko wazi chumbani kwake, printa ikarudi uani, laptopu ikaikabidhi mzigo palepale. Mashine haina aibu, haiulizi karatasi hii ni ya nani na nani yuko sebuleni.

Dada akaikunja bila kusoma, akaipenyeza chini ya mlango. Asubuhi jirani akatusalimu akiwa anaangalia viatu vyake. "Asanteni," akasema, basi.

Mpenzi msomaji, hiyo ndiyo sura nyingine ya mambo haya. Kila unayempa neno la siri la waifai umempa na njia ya kuifikia printa, na yeye kilicho chake kinaweza kutokea kwako.

Kama unadhani ni mambo ya uswahilini tu, sikia hii. Novemba 2018 mtu mmoja asiyejulikana sura alizifanya printa sehemu mbalimbali za dunia zichape ujumbe wa kumpigia debe PewDiePie, yule kijana wa Sweden aliyetajirika kwa video za YouTube. Mwenyewe alidai amezifikia printa kama 50,000. Hakuvunja mlango wa mtu. Alizitafuta zile zilizowekwa wazi kwenye intaneti, zinazopokea kazi kutoka kwa yeyote duniani, akazipa kazi.

FUNGA MILANGO YAKO

Basi fanya haya, hayana gharama.

Ukibadilisha rauta, mpe mpya jina lile lile na neno la siri lile lile la zamani, na aina ile ile ya ulinzi. Vifaa vingi, printa ikiwemo, vitajiunga vyenyewe. Laiti tungejua Jumanne ile! Kama neno la zamani limeshasambaa mtaa mzima, hapo badilisha, lakini kumbuka na printa kuiambia.

Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2, uliokuja mwaka 2004, au ule wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WPA3 ya mwaka 2018 ni imara zaidi, ila ukiiweka peke yake printa ya zamani itabaki nje.

Kitufe cha WPS kinakuokoa na kuandika neno la siri: unabonyeza kwenye rauta, kisha kwenye printa ndani ya dakika 2, zinaoana. Lakini ile njia ya WPS ya namba 8 izime. Mwaka 2011 mtaalamu Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba hizo zinaweza kukisiwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000, na kwa kompyuta hiyo ni kazi ya saa chache.

Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kugawa namba za vyumba upya. Simu nyingi zinaitafuta printa kwa jina, hazijali. Kompyuta iliyokariri namba ya zamani itakwambia "offline" wakati printa iko pale pale. Ingia kwenye rauta, iwekee printa namba ya kudumu. Kazi ya dakika tano.

Chukua ile anwani ya IP, iandike kwenye simu pale unapoandika anwani za intaneti. Printa nyingi zitakufungulia ukurasa wao wa ndani. Weka neno la siri la msimamizi hapo, usiache lile la kiwandani.

Na ukiuza printa au kuipeleka kwa fundi, futa kwanza mipangilio ya mtandao. Humo ndani imehifadhi neno la siri la waifai yako.

HUNA RAUTA? USIJALI

Wengi wetu rauta hatuna, tuna hotspoti ya simu. Inafaa. Simu inakuwa mwenye ua. Weka hotspoti kwenye gigahezi 2.4. Kwenye iPhone za karibuni washa palipoandikwa "Maximize Compatibility", ndiyo hiyo hiyo. Jina na neno la siri usivibadilishe badilishe. Simu nyingine zinakubali kuchapa huku zenyewe ndizo zinatoa hotspoti, nyingine zinagoma. Ikigoma, chapa kwa simu ya pili iliyojiunga.

Halafu kuna njia ambayo ikinijia nacheka peke yangu. Printa nyingi zina "Wi-Fi Direct". Printa yenyewe inajitengenezea kaua kake kadogo, jina lake mara nyingi linaanza na neno DIRECT, na neno la siri lipo kwenye menyu yake. Unaiunga simu hapo moja kwa moja, rauta ya nini? Intaneti ya waifai unaweza kuikosa kwa muda, lakini karatasi zinatoka. Kijitabu kilikuwa nayo, kwenye kurasa zilizokwenda na vitumbua. Ijumaa ile tungemaliza kabla ya chakula cha usiku. Basi ukimaliza kazi nayo, izime, au uibadilishe neno la siri la kiwandani.

SAA MBILI ASUBUHI

Nakala 60 zilikwisha saa saba na nusu usiku. Tulizikunja wenyewe, moja moja, dada anapanga, mimi nanyoosha kwa kucha.

Saa mbili asubuhi mzee alifika na koti lake. Hakuhesabu. Alichukua moja, akaangalia picha ya marehemu kwa muda mrefu, akasoma mpaka mwisho.

"Mmemwandika vizuri," akasema.

Akalipa nusu iliyobaki. Dada alimrudishia kidogo kama rambirambi. Ukitoa bando mbili na 10,000 ya yule fundi wa vumbi, faida haikuwepo. Lakini ibada ilikuwa na ratiba, na jina la dada halikuchafuka mtaani.

Leo ukutani juu ya ile printa kuna karatasi aliyoibandika dada mwenyewe kwa maandishi makubwa: jina la mtandao, anwani ya printa, na chini kabisa, "KWANZA ANGALIA TAA." Neno la siri hakuliandika. Amejifunza.

Haya, na wewe iteremshe ile yako kabatini. Kwa leo naweka kalamu chini, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.